Taa Ndogo kwenye Skrini ya Mama Mdogo

Kuna kipindi utotoni nilikosa usingizi kwa sababu ya swali moja: mama mdogo ananipenda kiasi gani? Watoto wengine hujiuliza swali hilo wakitamani jibu liwe kubwa. Mimi nilitamani liwe dogo. Nililala kitanda kimoja na mdogo wangu Minza, yeye akikoroma taratibu kama paka, mimi nikikodolea bati macho na kupima mambo ya mchana. Amenipa kipande cha sato chenye nyama nyingi, dalili mbaya. Amemfokea Minza kwa kosa ambalo mimi alinisamehe, mbaya zaidi. Niliomba Mungu anipunguzie upendo wa mama mdogo, na nikishaomba nilianza kuogopa kwamba ombi la namna hiyo lenyewe ni dhambi, na kwamba huenda limesikika mahali ambapo sikulipeleka.

Mambo haya yamenirudia juzi, nilipokwenda kutoa kopi za vyeti vyangu. Tangu nimalize chuo, kazi yangu kubwa imekuwa kutoa kopi za vyeti. Mashine ilikuwa imeshapata moto, karatasi zikatoka za uvuguvugu, na ile harufu ya wino wa unga ulioungua kidogo ikanipanda puani. Nilisimama pale hata kijana wa steshenari akaniuliza, "Dada, kuna nyingine?" Hapakuwa na nyingine. Nilikuwa nimerudi Mabatini, niko darasa la nne, nimejibana nyuma ya mlango wa bati, namchungulia mtu niliyempenda na kumwogopa kuliko watu wote.

Mama mdogo Kabula alikuwa kitindamimba wa kwao Mama, na alikaa nasi tangu nilipoanza kuwa na kumbukumbu. Alikuwa na kibanda cha steshenari mtaani kwetu, pale mawe makubwa ya mlimani yanapoishia na maduka yanapoanza. Alichapa kazi za watu, alitoa kopi, alipiga picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu. Mimi nimerithi jina la bibi, mama yao, aliyefariki mama mdogo akiwa na umri kama niliokuwa nao wakati huo. Kwa hiyo nyumbani jina langu halikutumika sana. Mama mdogo aliniita mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma, na hakunituma kama watoto wanavyotumwa. Aliniomba. "Mayu, naomba uniletee maji." Wateja walicheka kumsikia mwanamke mzima akimbembeleza mtoto mwenye vumbi magotini. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Mezani pake kulikuwa na kompyuta ya zamani, ile yenye kisogo kikubwa. Kompyuta za steshenari nyingine zilikuwa na picha za waridi, za magari, za wachezaji mpira. Ya mama mdogo ilikuwa na ziwa. Ziwa la kijivu la asubuhi isiyo na jua, mawe yamebebana kama haya yetu, na mbali upande wa kulia kisiwa kidogo cheusi. Ukiitupia jicho ungesema mtu alisimama hapa hapa Mwanza akaipiga. Nami niliamini hivyo, mpaka siku moja nilipochuchumaa karibu na skrini nikisubiri karatasi zitoke. Ndani ya yale maji, chini kabisa, kulikuwa na kitone cha njano. Kilikuwa kama punje ya mchele. Kilikuwa kinawaka.

Niligundua pia kwamba vipicha vyote vya mafaili alikuwa amevisukumia upande mmoja na kuvibananisha, ili kitone kisifunikwe na kitu. Na baada ya siku chache nilipokitafuta pale pale, hakikuwepo. Kilikuwa kimesogea. Kilikuwa kinaelekea kisiwani.

Ningeweza kumuuliza, lakini mwalimu mmoja aliyeleta mitihani ya kuchapa aliniwahi. Aliinama, akaifuta skrini kwa kidole, akafuta tena.

"Kabula, kompyuta yako ina doa hapa."

"Ndiyo, mwalimu," mama mdogo akajibu haraka, akafungua faili likafunika ziwa lote. "Si unajua, ni ya zamani."

Madoa hayatembei. Hilo nililijua hata katika umri ule. Mama mdogo, ambaye alinichapa mara moja tu maishani na sababu ilikuwa uongo, alikuwa amedanganya mbele yangu bila kupepesa.

Nisingekwenda mbali hivyo kimawazo kama si Doto. Doto alikuwa jirani yangu wa dawati, na kanisani kwao walionyeshwa sidii za ushuhuda za watu waliotoka kwenye kile chama cha siri ambacho siku zile kila mtu alikizungumzia. Watu wazima walikuwa na jina lake. Sisi watoto tuliogopa kulitaja, tukasema tu "wale wa alama."

"Wale wa alama hawaiweki alama wazi," Doto alinieleza tukitafuna ubuyu nyuma ya madarasa. "Wakiiweka wazi si watakamatwa? Wanaificha. We unaangalia kitu cha kawaida kabisa, kumbe ndani wameweka kadude kadogo."

"Ka nini?"

"Ka kujuana. Mwenzao akipita, akikaona, anajua: huyu wetu."

"Halafu?"

"Halafu wanapata hela. Wakishapata, wanaambiwa watoe mtu kafara."

"Mtu yeyote?"

Doto alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito. "Ingekuwa yeyote si kila mtu angetoa jirani mwenye kelele? Unatoa unayempenda kuliko wote. Usiyempenda hapokelewi. Wanarudisha."

"Wanamrudisha vipi?"

"Mi sijui, sijawahi kutolewa," akasema, akatema kokwa.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka kwamba haya hayakuwa maneno ya watoto peke yao. Mtaani kwetu kulikuwa na mzee aliyeuza mabati na misumari. Mwanawe alizama ziwani akiogelea na wenzake, na muda si mrefu mzee akapandisha ghorofa juu ya duka. Watu wakayaunganisha mambo hayo mawili. Hakuna aliyemuuliza kitu. Waliacha tu kununua. Asubuhi moja mlango wake ulikutwa umepakwa lami, nasi tukakatazwa kupita upande ule wa barabara. Nakumbuka siku alipopakia vitu vyake kwenye lori kwenda Misungwi. Alikuwa anafunga kamba peke yake, na barabara nzima ilikuwa imesimama ikimwangalia bila kumsaidia.

Mama naye alisimama mlangoni na upawa mkononi. "Mtu wa namna hiyo akiwa ndani ya nyumba yangu," alisema, "hata kama tumelala tumbo moja, atatoka na godoro lake kichwani."

Mama mdogo alikuwa anaosha vyombo. Mimi nilikaa naye karibu nikisubiri aseme kitu.

Toka hapo hofu yangu ikawa na pande mbili, na kila nilipoukimbia upande mmoja niliangukia wa pili. Nikinyamaza, kitone, nilichoamini kinanihesabia siku, kitafika kisiwani na mimi nitakuwa nimetolewa. Nikisema, Mama atamtoa mama mdogo na godoro lake, na mlango wa kibanda utapakwa lami, na barabara nzima itasimama kumwangalia. Nilitembea na mdomo uliofungwa hata meno yakauma. Mwalimu aliniuliza kama nina jino bovu. Nikasema ninalo.

Ushahidi nao haukukoma. Mashine mpya ya kopi ililetwa kibandani, kubwa kama jeneza la mtoto, na Mama akashangilia kwa vigelegele. Mama mdogo akaniambia nisimame mbele ya shuka la bluu, akanipiga picha ambayo hakuna mtu aliyeihitaji. Akanipima kwa futi ya fundi: mabega, kiuno, urefu. "Simama wima, mayu," alisema, pini zikiwa mdomoni. Nikasimama wima na kufikiria kwamba maiti nazo hupimwa.

Kilichonimaliza ni Jumapili moja mchana. Mama alinituma kibandani nikachukue mkasi. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu, na ndani hapakuwa na sauti ya mashine. Nikachungulia. Mama mdogo alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, masikioni ana visikilizio, mwanga wa bluu unamchezea usoni. Alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni naye hayafuti. Na midomo yake ilikuwa inatembea, inarudia maneno ya lugha ambayo si Kiswahili, si Kisukuma, si Kiingereza cha shuleni. Skrini sikuiona, ilikuwa imenipa kisogo. Niliona uso wake tu. Ulikuwa uso wa mtu anayemsihi mtu.

Nilirudi bila mkasi. Mama akanigombeza, na kwa mara ya kwanza nilifurahia kugombezwa, maana kulikuwa ni kitu kinachoeleweka.

Ndipo nikapata mpango. Kama anayetolewa ni anayependwa kuliko wote, basi nijifanye nisipendeke. Sikuwa mtoto mtundu kwa asili, ilinibidi nijifunze. Niliacha kumwamkia shikamoo. Nilimwaga chai juu ya kazi ya mteja. Aliponiita mayu nilinyamaza, na alipoita mara ya pili nilisema, "Mimi siyo mama yako." Bado naikumbuka sura yake baada ya neno lile. Hakukasirika. Alirudi nyuma kidogo, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, akasema, "Haya." Kila jioni aliniletea chapati moja iliyofungwa kwenye karatasi ya kopi iliyoharibika. Niliikataa. Kesho yake akaileta tena, nikaikataa tena. Kisha akaacha kunipa.

Nililala usingizi mzuri sana siku ile. Nilidhani nimeokoka.

Lakini chapati haikukoma kuja. Sasa alipewa Minza. Sikuitambua mara moja maana ya jambo hilo. Nililiona tu kama chapati. Kisha nikafika kibandani nikitoka shule na kumkuta Minza amepakatwa mbele ya kompyuta, kidole chake chenye mafuta kimegusa skrini pale pale.

"Kanini haka?" Minza aliuliza.

Mama mdogo akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi. "Eh, wewe una macho! Katafute kesho, utaona kamefika wapi."

Kitone kilikuwa kimekaribia kisiwa. Kati yake na lile jabali jeusi hapakubaki nafasi ya kidole changu. Nilisimama mlangoni na mkoba mgongoni. Nilikuwa nimefanikiwa. Nilikuwa nimepunguza upendo wake kwangu, na upendo ule haukwenda popote mbali. Ulikwenda kwa mtoto wa darasa la awali ambaye bado alivaa viatu kinyume.

Ijumaa jioni, tukila, mama mdogo akasema, "Dada, kesho nafunga kibanda. Nataka kuvuka kwenda Saanane. Nilitaka kwenda na mayu wangu, ila naona siku hizi hanitaki. Basi nitakwenda na Minza."

Saanane ni kisiwa. Ukisimama mjini unakiona.

"Mchukue huyo huyo," Mama akasema. "Huyu mkubwa ana kisirani, sijui minyoo."

Sasa, mimi ni mtu ambaye nikianza kutazama filamu namuuliza mwenzangu kwanza inaishaje, na asiponiambia siwezi kukaa. Kwa hiyo siwezi kumfanyia msomaji kitu nisichopenda kufanyiwa. Ngoja niseme ukweli ulikuwa nini, ingawa mimi mwenyewe niliujua miaka mingi baadaye.

Nilikuwa chuoni, mwaka wa pili. Mwenzangu wa chumbani alipenda katuni za Kijapani, zile ndefu zenye sehemu nyingi, naye alizitazama kitandani kompyuta ikiwa tumboni. Siku moja nilikaa karibu naye kwa ajili ya kuwa na mtu tu. Kwenye skrini kulikuwa na ziwa la kijivu na mawe yaliyobebana. Msichana mdogo alikuwa anatembea chini ya maji, kwenye matope ya ziwa, ameshika taa ya njano isiyozimika. Nilitoka nje bila viatu, nikampigia simu mama mdogo, ambaye siku hizi ameolewa Kisesa na ana duka lake huko.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mayu. Mbona unahema?"

"Ile picha ya ziwa. Kwenye ile kompyuta ya kisogo. Ile taa."

Akacheka kwa chini. "Uliiona? Mi nilijua ni Minza peke yake."

Akanieleza. Kuna mwanafunzi aliyekuja kuchapa ripoti yake alimwekea sehemu za kwanza kwenye flashi, na kila alipokuja mjini aliongeza nyingine chache. Msichana yule alikuwa anavuka ziwa kwa miguu, kwa chini, kumtafuta mama yake aliyekwenda kisiwani asirudi. Mama mdogo aliitengeneza ile picha mwenyewe, akipaka rangi kwa mausi baada ya wateja kuondoka, na kila alipomaliza sehemu aliisogeza taa kidogo mbele, ajue amefikia wapi. Yale maneno aliyoyarudia akilia ni maneno aliyosema yule msichana. Aliyashika kwa kusikia tu, hakujua tafsiri yake neno kwa neno.

"Sasa kwa nini ulificha?"

"We mayu, nisingeficha? Mwanamke anayetafutiwa mchumba, anakaa kibandani analia kwa ajili ya katuni? Mama yako angenicheka mpaka Krismasi. Na wale walimu wangeniachia mitihani yao? Lakini nilitaka iwepo. Mchana kutwa nachapa mambo ya watu, mikataba ya watu, misiba ya watu. Nikifunga faili nakaona kale kataa. Najua humu ndani kuna kitu changu."

"Na Saanane?"

"Si alimpata mama yake? Sehemu ya mwisho nilikuwa nayo tayari kwenye flashi, nikasema naiangalia Jumamosi asubuhi, halafu na mimi namchukua mama yangu tunakwenda kisiwani. Gauni lako jipya lilikuwa tayari. Ukanigomea."

Sikumwambia kwa nini nilimgomea. Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi za bweni, na badala ya kucheka, kama mwenzangu wa chumbani alivyocheka nilipomsimulia, niliogopa upya. Maana wakati ule nilikuwa na Doto pembeni yangu kila siku. Neno moja tu, katikati ya ubuyu na kengele, lingetosha. Doto angemwambia mama yake, mama yake angesimama kanisani, na hakuna mtu ambaye angemwomba mama mdogo afungue lile faili aonyeshe ni katuni. Hata angefungua, wangeona nini? Mtoto chini ya maji. Bado naota lami.

Lakini Jumamosi ile sikuyajua haya. Jumamosi ile niliamka nikijua kwamba taa inafika kisiwani, na kwamba anayekwenda ni Minza.

Alikuwa amekaa kizingitini tayari, amevalishwa viatu vyake vyekundu vya Jumapili, anapiga visigino chini. Mama mdogo alirudi kutoka kibandani macho yamevimba, lakini alikuwa anatabasamu. Nilijua taa imefika. Nilisimama jikoni nimeshika ukingo wa meza na nikajaribu kila njia kichwani, kama ninavyofanya mpaka leo, na kila njia iliishia mahali pabaya. Nikimwambia Mama, tunampoteza mama mdogo. Nikinyamaza, tunampoteza Minza. Kulikuwa na njia moja tu ambayo hakuna ninayempenda anapotea, na njia hiyo ilikuwa na mimi ndani yake.

Nikatoka. "Mama mdogo, nataka kwenda mimi."

Mama akageuka na ndoo mkononi. "We mtoto! Jana hutaki, leo unataka. Una nini lakini?"

"Nataka kwenda."

Uso wa mama mdogo ukafunguka taratibu, kama mtu anayehofia kufurahi mapema. "Basi twende wote watatu."

Hilo sikulitegemea. Nilimvuta Minza pembeni, nyuma ya pipa la maji, nikainama sikioni kwake. "Kule kuna nyani. Wanawapokonya watoto viatu vyekundu. Wanaondoka na mguu na kiatu."

"Mguu huu?"

"Wowote."

Minza alipiga yowe lililosikika mpaka barabarani. Akavua viatu, akavikumbatia, akasema haendi popote, hata akipewa soda. Mama alimbembeleza, mama mdogo akambembeleza, akazidi kulia. Mwishowe mama mdogo akaingia ndani akatoka na gauni jipya la njano lililonikaa sawasawa mabegani, kiunoni na kwa urefu. Nikalivaa. Nilimpa Minza kalamu zangu za rangi zote, na yeye kwa mshangao akaacha kulia. Mama nilimwamkia mara ya pili asubuhi ile ile, akasema, "Hee, leo heshima imezidi."

Ufukweni maji yalikuwa ya kijivu. Sikuwahi kuyaona ya kijivu namna ile. Siku nyingine yalikuwa ziwa tu, ya kufulia na ya kunuka dagaa. Mwendesha boti akatuvalisha majaketi ya kujiokolea, langu likanifika magotini, na niliona ni ukatili kumvalisha mtu jaketi kama lile kwa safari kama ile. Boti ilicheza ilipoguswa. Mama mdogo aliweka mguu mmoja ndani, akautoa, akauweka tena.

"Mi maji siyawezi," alimwambia mwendesha boti, akijaribu kucheka. "Nimezaliwa na ziwa hili lakini siyawezi."

"Dada, kaa tu katikati, usiangalie chini," yule akamjibu. "Mtoto akae huku."

Mtoto akae huku, yaani pembeni, upande wa maji mengi. Nilimtazama mama mdogo nione kama wamekonyezana. Hakuwa anamtazama mtu. Alikuwa ameng'ang'ania ubao wa kukalia kwa mikono yote miwili, midomo imemkauka, na nikaona, kwa mara ya kwanza tangu kitone kile kianze kusogea, kwamba katika boti ile si mimi peke yangu niliyekuwa na hofu. Nikafikiri: kumbe na wale wa alama huwa wanaogopa. Kumbe hata hili halimfurahishi.

Bado ningeweza kuruka. Nchi kavu ilikuwa hatua moja, mwendesha boti alikuwa bado hajawasha injini, na barabara ya kurudi Mabatini niliijua. Nilikuwa nimeshika ukingo wa boti kwa nguvu hata vidole vimepauka.

Injini ikawaka. Mama mdogo akafumba macho.

Nikaachia ukingo. Nikasogea mpaka goti langu likagusa goti lake, nikautoa mkono wake mmoja kwenye ubao, nikaushika kwa mikono yangu yote miwili, na boti ikaanza kuondoka.